Kiti Changu cha Chuma

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Buyenzi, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu. Nilipokuwa na miaka sita alichukua vipande vya nondo vilivyotupwa na bohari moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, akanitengenezea kiti kidogo na kukipaka rangi ya kijani. Akaniambia ni changu. Nyumbani tulikuwa watoto watano na hakuna aliyekuwa na chake: godoro la wote, sahani za wote, hata kandambili ulivaa zile ulizozikuta mlangoni. Neno lile nililishika kwa mikono miwili.

Baada ya wiki chache akaja mteja kutoka Kibenga, mtaa wa wenye pesa, kuchukua geti lake. Akakiona kiti, akasema binti yake angekipenda. Baba akamwambia akichukue tu, mimi nitatengenezewa kingine. Hakunitazama, na nilikuwa nimekikalia.

Sikuinuka.

Baba aliniamuru mara mbili. Wasaidizi wake wakazima mashine wakatazama. Mama akatoka ndani, akaninong'oneza nisimwaibishe baba mbele za watu.

"Ulisema ni yangu," nikamwambia Baba. "Kama ni yangu, aniombe mimi."

Yule mteja alitabasamu, kisha akachuchumaa akaniomba kweli, kwa adabu, kama anavyoombwa mtu mzima.

"Apana," nikamjibu. "Mi sikupi."

Akaondoka na geti lake. Jioni nilichapwa. Mama akanieleza kwamba mtoto hana chake, maana hata mtoto mwenyewe ni wa baba yake. Fimbo iliniliza. Maneno yale sikuyakubali, na mpaka leo siyakubali.

Kesho yake mdogo wangu akaomba akikalie. Nikamkatalia naye, wakaniita mchoyo. Sawa. Siku ya tatu nilimwita mwenyewe, bila kutumwa na mtu, nikamwambia akae mpaka achoke. Sikuwahi kutoa kitu kabla ya siku hiyo. Vilikuwa vinachukuliwa tu.

Baba alinuna wiki nzima. Kisha siku moja alitaka kupanda juu ya kitu afunge balbu. Akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Naomba kiti chako," akasema.

Nilimwacha asubiri kidogo, ndipo nikampa.