Jino la Mzee Ramadhani

Mtu akijificha chooni kwenye harusi ya ndugu zake mimi simcheki, maana nilishajificha, na hadi leo nikipita Gongoni kuna waliokuwa watoto siku ile (sasa wana ndevu) wanaoniita Dokta Bila Leseni, nami naitika tu, nitafanyaje?

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, nafanya mazoezi hospitalini hapa Tabora chini ya Dokta Pazi. Sheria ilinisamehe usajili na leseni kwa sharti moja: nikimshika mgonjwa, yeye awe kando yangu. Dokta Pazi ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na ule utani wa watu wetu uliozaliwa kwenye misafara ya kwenda pwani aliamka nao kila siku. "Mpagazi, leo umebeba nini?" Ndiyo salamu yake. Basi binamu yangu alipooa, Shangazi Zuhura akamwalika Dokta, maana harusi isiyo na mtani inakuwa kama kikao cha kata.

Ah, ua ule wa Shangazi! Natamani ningeingia tena leo, moshi wa kuni, harufu ya pilau, na yeye mwenyewe akimweleza kila anayefika kwamba mtoto wa kaka yake ni daktari. Ningeweza kusema "bado." Badala yake nikaenda kulivaa koti langu jeupe la hospitalini (lilikuwa kambani, limekauka vizuri, nikaona nimependeza).

"Mjukuu wangu, jino hili linacheza, pilau nitalilaje?" akasema Mzee Ramadhani, jirani yetu aliyekuwa amsindikize bwana harusi.

Nikamwambia nitaangalia tu. Nikaangalia kwa macho, kisha kwa kidole, kisha kwa kitambaa, na jino likatoka. Vigelegele! Kufumba na kufumbua kuna foleni, Shangazi anaipanga, wazee mbele, na yeye mwenyewe, ambaye ana jino bovu la miaka, kajiweka wa mwisho kwa heshima ya wageni.

Hapo Dokta Pazi akaingia.

"Jamani, huyu hana leseni!"

Ua mzima ukaangua kicheko. "Mzaramo kaanza!"

"Nasema kweli. Anaruhusiwa nikiwa kando yake tu."

"Basi simama kando yake foleni isogee," akajibu Shangazi, akampaka unga wa utani shavuni, na kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kucheka, na mimi nikacheka nao, mpaka nikamwona Mzee Ramadhani: kanzu yake nyeupe imelowa damu kifuani, na damu haikomi.

Dokta akamuuliza anatumia dawa gani.

"Ya moyo, ile ya kuifanya damu iwe nyepesi."

Mimi sikuwa nimeuliza. Nikavua koti. "Jamani, si utani. Sina leseni. Bado nasoma."

Shangazi akashusha mkono wake wenye unga, wala hakunitazama. Dokta, na unga wake shavuni, akamkandamizia Mzee shashi akamkimbiza hospitali kwa bajaji, na mimi nikakimbilia chooni.

Mzee alirudi jioni akala pilau kwa upande mmoja, akanisamehe. Dokta alinirudisha kuanza mazoezi upya, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuniita mpagazi tena mpaka nilipohitimu. Tangu hapo harusini siendi na koti, na mtu akinifungulia mdomo namwambia ale kwanza, kesho aje kazini.

Siku nilipofungua kliniki, mgonjwa wa kwanza alikuwa Shangazi, Mungu amrehemu.

"Leseni iko wapi?"

Nikamwonyesha ukutani. Akaitazama mpaka akaridhika, ndipo akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo. Pale palipokuwa na lile jino bovu sasa palikuwa na pengo.

"Shangazi, mbona lilishatoka?"

"Lilichoka kukusubiri," akasema. "Wewe angalia tu."

Nikaangalia.