Nilivyomtukana Mjukuu kwa Kihispania

Mwanangu alipopata mtoto huko Uhispania alinipigia simu Kismayo akanipa habari mbili kwa pamoja: nimepata mjukuu wa kike, na tangu siku ile hatasema nami ila kwa Kihispania. Yeye mwenyewe alipofika huko mkimbizi alifundishwa hivyo, bila neno la kutafsiriwa, akaona dawa iliyomfaa yeye itanifaa na mimi. Nimemzaa kisiwani Chovae, nimekimbia vita naye mgongoni, leo ananinyima Kibajuni! Nilimtukana vizuri sana. Akanijibu, "No entiendo." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza: sielewi.

Basi nikaanza masomo. Asubuhi alinionyesha kwa simu vitu vya jikoni kwake. "Mesa," akasema, akigonga meza. Nikamwambia hilo ni letu, wamelichukua bila kuaga. Jioni nilitazama tamthilia zao, wanawake waliojipamba kama maarusi wakilia kwenye ngazi, nikajua kusema "umenisaliti" kabla sijajua kuomba maji. Mengine yalinipendeza. Mwanamke wao akiolewa haachi jina la babake, kama sisi. Wakishakula mchana hulala, kama sisi. Chakula cha usiku wanakila saa nne, na hilo nimewaachia wenyewe.

Lakini hamu yangu ilikuwa moja tu, kumpakata yule mtoto. Mwanangu alitaka kumleta Mombasa tukutane, na mkewe alikuwa radhi. Aliyekataa ni mkwe mwenzangu, mamake huyo mke. Hanijui, na Afrika aliiona kwenye taarifa ya habari tu. Ikaonekana heri nizungumze naye mwenyewe.

Nilivaa leso mpya. Nikamuuliza hali, nyumba, wazee na majirani, na yote akayajibu kwa neno moja, "bien", yaani njema. Nikamsamehe. Kisha akamleta mtoto mbele ya simu. Yarabi, uzuri ule! Macho ya mwanangu, mashavu ya kung'atwa. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma. Na kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Ukimpenda kweli unamwita mbaya, ili jicho la husuda limpite. Mimi bibi yake nimponze? Nikasema, kwa sauti tamu kuliko zote nilizo nazo, "¡Qué fea! ¡Dios mío, qué fea!" Yaani, mbaya huyo, Mungu wangu, mbaya!

Simu ikaonyesha dari. Halafu ikakatika.

Mwanangu akapiga, na Kibajuni kilikuwa kimemrudia chote. "Mama, umenenani? Yule si mchu wa kwetu!" Yaani, nimesema nini, na yule si mtu wa kwetu.

Nilifurahi kumsikia, hata akinifokea. Kisha nikaingiwa na hofu. Mtoto sitamwona, na mlango nimeufunga kwa ulimi wangu mwenyewe.

Akataka kumweleza mkwe kwa niaba yangu, nikakataa. Nikarekodi ujumbe wa sauti kwa Kihispania changu cha jikoni: "Fea, no. Bonita. Ojo malo. Abuela, miedo." Si mbaya. Mzuri. Jicho baya. Bibi, hofu. Katika tamthilia zote zile sikuwa nimesikia namna bora ya kulisema.

Zikapita siku kadhaa. Kisha mkwe akapiga mwenyewe, peke yake na mtoto, bila salamu hata moja. Akamfungua mtoto vifungo. Ndani, kwenye fulana, alikuwa amebana kwa pini kimkono kidogo cha jiwe jeusi, kama hirizi. Akakigusa, akagusa jicho lake, kisha akaweka kidole mdomoni, maana binti yake na mwanangu hawajui.

Akambusu mtoto kipajini. "Fea," akamnong'oneza, macho yamemjaa machozi. "Feísima." Mbaya kupindukia.

Halafu akaniuliza, polepole ili nielewe, kama Mombasa kuna joto na mtoto avae nini. Nilikuwa nimesoma miezi yote ile, na hata "sí", ndiyo yao, haikunitoka kwa kulia.