Maji Yaliyorudi Alhamisi

Mifereji ya ploti yetu ya kupanga, katika mtaa wa Tena, ilikauka siku nne. Maji yaliporudi Alhamisi tulijaza kila chombo, hata sufuria ya ugali, na hakuna aliyeuliza yalikuwa yamepitia wapi.

Mama yangu alifika Ijumaa asubuhi kutoka kwetu magharibi. Kabla hata ya kufungua mzigo wake alichota kikombe kwenye ndoo, akanusa, akamwaga.

"Nani amekunywa haya?"

"Sisi sote, Mama. Ni ya mfereji."

"Mtoto pia?"

Binti yangu wa miaka minne alikuwa akiyanywa tangu jana.  Mama aliwasha gesi, akabandika maji. Yaliyobaki kwenye ndoo aliyamwaga yote, nami nikaanza kuogopa, maana yule si mwanamke wa kumwaga maji.

Saa sita mtoto alianza kuhara. Kufikia saa nane alikuwa akitoa maji matupu, kama yaliyooshewa mchele. Macho yalizama. Nilipofinya ngozi ya tumbo lake, ilibaki imesimama. Nilitaka kumbeba nikimbie tu.

"Beba, lakini anywe tukienda," Mama akasema.

Alikuwa amekoroga lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Njia nzima alimtilia mdomoni kidogo kidogo. Akitapika, Mama anangoja, kisha anaanza tena.

Kwenye kituo cha afya mabenchi yalikuwa yamejaa watu wa mtaa wetu. Muuguzi alitafuta mshipa mara tatu. Mara ya nne dripu ilishika.

Hapo ndipo Mama aliponiambia. Mapigano ya kule kwetu yalipokwisha, mimi nilikuwa shule ya bweni. Wao, yeye na mdogo wangu, waliporudi shambani kutoka walikokimbilia, walikuta vyoo vimechomwa na zahanati haina paa. Watu walijisaidia vichakani, mvua ikasomba yote hadi kwenye chemchemi.

"Mdogo wako aliugua asubuhi. Jioni tulikuwa tunachimba kaburi."

"Mliniambia ni malaria."

"Ulikuwa na mtihani." Akamfunika mtoto miguu. "Na mimi ndiye niliyemchotea yale maji."

 Nilimshika Mama mkono, nikarudisha macho kwenye matone ya dripu, nikiogopa hata kupepesa.

Mzee wa ghorofa ya chini, aliyelazwa vitanda viwili kutoka kwetu, alifariki Jumamosi. Baadaye tuliambiwa kuwa bomba lilipasuka ndani ya mtaro wa maji taka.

Jumapili mtoto aliomba chai. Mama alitoka, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti kubwa hata muuguzi akaja mbio.

"Pole, Nyanya. Mmempoteza nani?"

"Hakuna," Mama akasema, akijifuta kwa leso. "Anataka chai."