Tulipoacha Kumwamkia Baba

Nakumbuka siku moja, Jumanne, saa kumi na robo alasiri, saa ya kutazama wagonjwa. Wazee wakianza hivyo, mwanangu, huwa wanakumbuka mambo ya zamani sana. Mimi nakumbuka juzi. Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, na wewe sijakuzaa bado. Lakini nakuandikia sasa hivi kwa sababu najijua: nikishakuwa mtu mzima nitajifanya sikuogopa, na nasaha ya mtu aliyesahau woga wake haina chumvi.

Babu yako, ambaye mimi namwita Baba, ni mnadi wa samaki pale sokoni Bagamoyo. Kazi yake ni mdomo. Samaki wakishashushwa, yeye ndiye anayesimama juu ya mafungu akapaza sauti, akamtania huyu, akamsifu yule, mpaka fungu la mwisho limeondoka. Nyumbani tulikuwa tukimwambia apunguze sauti, hatuko mnadani. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno. Alipotoka kwenye hatari akahamishiwa wodi ya mazoezi, katika hospitali moja njia ya kwenda Dar, na mimi na Mama tukahamia kwa ndugu jirani na hapo, maana shule zilikuwa zimefungwa.

Akili yake ilikuwa nzima. Hili lishike. Alijua anachotaka kusema, ila akitia mkono kuchukua neno hili anatoka na lingine. Siku za mwanzo binamu yangu Idi alikuja kumwona, akamwamkia vizuri tu, "Shikamoo, mjomba." Baba akajikusanya, akajibu, "Vibua."

Idi alicheka. Si kwa ubaya. Hata mimi kicheko kilinifika kooni, maana vibua ni samaki aliokuwa akiwanadi kila uchao. Lakini Baba aligeuza uso ukutani, na tangu siku hiyo hakujaribu tena neno lolote.

Basi sisi tukaona tumsitiri. Tukaacha kumwamkia. Hakuna aliyelitangaza, lilitokea tu, kila mtu akawa anaingia na pole. Pole, Baba. Pole, Baba Zuhura. Pole haidai kitu, unaweza kuipokea kwa kope. Na akitaka jambo, sisi tunamkimbilia: maji? mto? tufungue dirisha? Akitikisa kichwa, tumeshamaliza. Kwangu mimi ilikuwa nafuu kubwa. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimnyooshea kidole, jibu linayeyuka hata kama alikuwa nalo. Ule ukimya wa watu wanaokungoja useme naujua, unachoma. Nikajiambia, baba yangu sitamtia kwenye ukimya ule.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Baba akaanza kukataa na mazoezi. Daktari wa mazoezi, mama mmoja mpole mwenye raba nyeupe, akija asubuhi anamkuta amefumba macho. Jumatatu akamvuta Mama kando, nami nikasikia.

"Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida, mama. Asipojaribu, mkono utakakamaa na ulimi utazoea kulala. Na kitanda hiki kina watu wanakingoja. Akikataa wiki hii nzima, itabidi mrudi naye nyumbani hivi hivi."

Mama akaitikia, akaenda kufua shuka ambalo lilikuwa safi. Alikuwa akiwaza nilichokuwa nikiwaza mimi: mnadi asiye na sauti arudi sokoni kufanya nini?

Jumanne hiyo ndiyo akaja shangazi yangu Mwanaidi kutoka Makurunge. Ni dada mkubwa wa Baba na ndiye mama yake Idi, mkulima, na sauti wamerithi kwa mtu mmoja. Aliingia na kikapu cha kunde mbichi, akawajulia hali wagonjwa kitanda kwa kitanda, akafika kwa Baba akasimama. Mama akamsogezea kiti. Hakukaa.

"Shabani," akasema, "sijaisikia shikamoo yangu."

Mama akamnong'oneza, "Wifi, hawezi."

"Kiharusi kimempunguzia yeye mkono. Mimi miaka hakijanipunguzia. Ni dada yake vile vile."

Mzee Kondo wa Msata, aliyelazwa kitanda cha jirani, akaguna kama anayezuia kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa ndipo Shangazi akakaa. Akatandaza kanga mapajani, akaanza kumenya kunde, maganda huku, punje huku, bila kumtazama Baba. Baba akamkazia macho kwa hasira, kisha akaanza kujigeuza.

"Geukia tu ukuta," Shangazi akamwambia. "Ukirudi utanikuta. Kunde ninazo tele."

Baba akabaki pale pale. Mama akafungua mdomo amsaidie, Shangazi akamnyamazisha kwa kidole. Ukimya ule ule ninaouogopa ukakaa katikati yetu kama mgeni asiye na haraka. Mishipa ya shingo ya Baba ikasimama.

"Sss," akasema. "Sa... samli."

Akafumba macho.

"Samli siyo," Shangazi akasema, akimenya. "Ila njia ndiyo hiyo hiyo. Rudi tena."

Akarudi. Nikahesabu vigae vya sakafu ili nisimtazame. "Shi," akasema. Akapumua. "Shika." Hapo akakwama kabisa.

"Nimeshika, mdogo wangu," Shangazi akajibu. "Marahaba."

Baba akacheka. Upande mmoja tu wa mdomo ndio uliokwenda, na machozi yalimtoka, lakini kilikuwa kicheko, na sote tulikuwa hatujakisikia tangu augue.

Alipokuwa akiondoka tulimsindikiza hadi barazani, na huko ndiko alikotugeukia.

"Nyie mnamwamkia?"

Mama akainama. Nikajibu mimi, kwa sauti ya chini, "Tunampa pole, Shangazi."

"Pole anapewa hata paka aliyekanyagwa. Baba mzima, mnaingia kwake bila shikamoo kama mnaingia stoo? Mmemsitiri mpaka mmemzika." Kisha akaniinua kidevu. "Na wewe, Zuhura, kimya unakiogopea nini? Hakina meno. Mwenzio yumo humo anatafuta neno lake. Ukimtilia la kwako, umemfungia mlango. Huyo Idi naye, aliyenisimulia kicheko chake, nitamkuta nyumbani."

Nilijaribu jioni ile ile, kabla kengele ya kutoa wageni haijalia. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo. Baba akafungua mdomo, akapata "ma", na mimi nikashindwa kuvumilia, nikamalizia, "Marahaba, eeh, Baba?" Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Kwa hiyo usidhani, mwanangu, kwamba mtu akikemewa leo anajua leo. Sikio husikia upesi, moyo huja nyuma na mzigo wake. Lakini nilipokuwa nikitoka pale niliapa kwamba kesho sitamwibia tena.

Sasa sikiliza ninachokuusia. Mzazi akiugua, mwamkie. Mwamkie kama ulivyomwamkia alipokuwa akikutuma dukani na kukugombeza, kisha umngoje. Akitoa neno la kando, lipokee, usilicheke wala usilisahihishe mbele za watu. Usimtafutie neno mpaka akuombe kwa jicho. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi ataendelea kuwa mhunzi endapo wanaomzunguka wanaendelea kumpelekea chuma. Soni yako, kama utakuwa umenirithi, itakuambia kwamba kunyamaza kwa mgonjwa ni aibu yako uifunike haraka. Iache iseme. Na siku nikilala mimi kitanda kama kile, ukaingia ukanipa pole ukainamia simu, ujue umeninyima haki yangu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye adabu na kifua cha kungoja. Akukutanishe na wazazi wako wakiwa bado wana la kukujibu, hata kama ni nusu ya neno. Akulinde na maradhi, na yakija akupe mtu wa kukudai salamu. Amina.

Kesho yake, Jumatano asubuhi, nilifika wodini uji ukigawiwa. Daktari wa mazoezi alikuwa ameshaingia na kiti cha magurudumu, na Baba alikuwa amefumba macho. Sikusimama mlangoni kama kawaida yangu. Nilikwenda hadi pembeni ya mto wake, nikasema kwa sauti ya watu wa kwetu, "Shikamoo, Baba."

Akafumbua macho. "Ma," akasema. Nikauma ulimi. "Mara." Akapotea hapo, akawa anatafuta, jasho limemtoka juu ya mdomo. Mzee Kondo, kwa huruma zake, akajiinua kwenye mto wake. "Maraha..."

"Samahani, babu," nikamkatiza, mimi ambaye sijawahi kumkatiza mtu mzima. "Naomba umwachie alitafute mwenyewe."

Mzee Kondo akajilaza tena. Hata mgawa uji akashikilia upawa hewani. Nikaweka mikono nyuma, nikangoja.

"Haba," Baba akasema.

Haba ilinitosha. Nikamshika kwapa la kulia, daktari akamshika la kushoto, tukamketisha kwenye kiti naye hakukataa. Nikakisukuma kuelekea chumba cha mazoezi, nikimuuliza ameamkaje, na jibu la hilo nalo nikalingoja.