Nilivyomtetea Baba kwa Daktari wa Meno

Mimi huwa siongei mbele ya watu, kwa hivyo bado sielewi kilichonipata Jumatatu. Nilimsindikiza baba kwa daktari wa meno mjini Keroka, kwa sababu fizi zake hutoa damu na meno mawili yamelegea. Daktari alimsafisha chini ya fizi, kisha akamuuliza kama anavuta sigara. Baba akasema hapana.

"Msichana, hebu ngoja nje kidogo," daktari akaniambia.

Nikabaki, maana mama alitaka nimpelekee kila neno.

"Mzee, nauliza tena. Ukivuta, fizi hazitapona na haya meno tutayang'oa."

"Sivuti."

Chumba kizima kilinuka sigara, na baba ni mzee wa kanisa. Nikasimama kama wakili.

"Daktari, baba havuti. Ni wewe unanuka."

Muuguzi akaacha kupanga vyuma. Daktari akashusha barakoa polepole.

"Ni kweli, mimi huvuta. Najaribu kuacha na bado imenishinda. Lakini fizi za baba yako hazikuharibiwa na moshi wangu."

Baba aliangalia dari. Kwetu mzazi hawezi kusema aibu yake mtoto akisikiliza. Nimelijua hilo tangu utotoni, na bado nilikuwa nimebaki pale nikimlazimisha kudanganya.

"Moraa, toka nje," akasema kwa upole.

Nikatoka bila kuinua macho. Kabla mlango haujafungika vizuri nikamsikia.

"Pakiti moja kwa siku, daktari. Tangu nikiwa kijana."