Aliyechomoa Pampu

Msusi yule hakuwa mtu wa kelele. Kutwa alisimama saluni nyuma ya vichwa vya watu, akisikia umbea wa mtaa mzima bila kuongeza neno. Akirudi kwake, chumba na sebule, alivuta stuli mbele ya tangi la kioo na kuwatazama kambare wake wa mapambo, wadogo, wenye sharubu, wakinusanusa mchanga.

Mdogo wake wa kiume alikuja kukaa "siku mbili tatu" huku akitafuta kazi. Sofa ikaota umbo lake. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, lakini hata kikombe alichonywea kilimngoja dada arudi akioshe. Dada akilalamika, mama yao humwambia kwenye simu: "Mmebebwa na mgongo mmoja, mwanangu. Mvumilie."

Kambare hawakuwahi kutaga. Msusi alibadilisha chakula, wapi. Jumapili moja akapunguza maji ya tangi na kutia mengine ya baridi, kama ya mvua. Asubuhi akamkuta jike amebana mayai kwenye mapezi ya tumbo, anayabandika kwenye kioo. Kambare hao hula mayai yao wenyewe, kwa hiyo hakungoja. Aliyabandua kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto anayelia, akayaweka kwenye bakuli la maji ya tangi lile lile. Akatia tone la dawa ya ukungu na mrija wa pampu ya hewa.

"Pampu hii isiguswe," alisema. "Mayai yakikosa hewa yanaoza."

"Sawa, dada," alijibu mdogo wake, macho kwenye simu.

Mayai yakaiva rangi kama chai ya rangi, ndani yakaonekana vijicho vyeusi. Msusi akaenda kazini anatabasamu. Aliporudi, alisikia kelele za mpira kwenye televisheni tangu mlangoni. Bakuli limetulia tuli. Mayai yamekuwa meupe, mengine yameanza kuota manyoya ya ukungu. Kwenye soketi ya pampu imechomekwa chaja ya simu.

"Umechomoa?"

"Simu ilikuwa inazima. Kwani dada, si mayai ya samaki tu? Watataga mengine."

"Toka nyumbani kwangu."

Mdogo wake akacheka. Hapo ndipo alipoharibu. Begi, viatu, mashuka, vyote vikarushwa koridoni. Majirani walichungulia, hawakuamini sauti ile ni yake.

"Kuvumilia nimevumilia! Hapa si kituo cha kuchajia watu!"

Mama akapiga simu. "Umemfukuza mdogo wako kwa mayai ya samaki?"

"Ndiyo. Na mgongo uliotubeba ni wako, mama. Mbebe tena."

Mama akakata simu, na kwa wiki kadhaa hakupiga. Hasira nazo hazikuisha. Mteja mmoja alishika kichwa, akauliza: "Dada, unanisuka au unaning'oa?"

Kambare wakataga tena. Safari hii mayai yakaanguliwa, vitoto vyembamba kama nyuzi vikajibanza chini, ndani ya bakuli. Msusi alikuwa anavipa chakula ujumbe ulipoingia. Mdogo wake amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala. "Dada, samaki hawajambo?"

Akausoma mara mbili, akitafuta neno samahani. Halikuwepo. Damu ikamchemka upya. Akailaza simu kifudifudi, akarudi kulisha.