Wasifu wa Jirani Aliye Hai

Laptopu ile kubwa niliiua mimi mwenyewe, kwa kitambaa.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Tena, kila kitu kina kitambaa chake nilichokifuma kwa mkono: makochi, redio, televisheni, hata jagi la maji. Laptopu nayo sikuinyima. Niliifumia cheupe chenye maua ya samawati pembeni. Siku hiyo niliiacha ikiwaka, nikataka kwenda sokoni, na kwa mazoea nikaifunika vizuri isije ikaingia vumbi. Niliporudi na sukuma wiki zangu, feni ilikuwa imenyamaza, kitambaa kina joto kama kimetoka kupigwa pasi, na mashine haikuamka tena.

Yenyewe sikuiomboleza sana. Ilikuwa nzito, betri yake ilikuwa imekufa zamani, na kuiwasha ulikuwa mradi. Nilikuwa nabonyeza kitufe, naenda kukoroga uji, narudi naikuta bado inajiuliza. Kilichoniuma ni kazi iliyokuwa ndani, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa na siku yake.

Nieleze. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ndimi mwandishi wa matanga katika jengo letu. Mtu akifariki, watu wa familia huja kwangu baada ya mkutano wa kwanza, wananipa majina na miaka, nami nawaandikia wasifu wa kusomwa kanisani na kule nyumbani magharibi. Nimeandika wa walinzi, wa makarani wa kaunti, wa wafanyakazi wa reli, wa mama aliyekuwa akiuza dagaa wa omena pale getini.

Sasa jirani yangu wa mlango wa pili, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita, alikuwa anahama. Kastaafu kazi yake ya kupokea simu ofisini, amejenga kwao, anarudi kabisa. Alinijia mapema mwezi huo akasema, "Wewe umeandika watu wote hapa wakiwa hawawezi kukujibu. Mimi nataka wasifu wangu usomwe nikisikia. Na usomwe hapa, kabla lori halijapakia." Alitaka iwe Jumamosi, kwenye chakula cha kuagana. Nilikubali kwa kicheko. Nilikuwa nimefika nusu kitambaa kilipofanya kazi yake.

Binti yangu alikuja kutoka mtaa wa Fedha akaitazama maiti ile mezani. "Mathe, wewe unatumianga kompyuta kufanya nini? Niambie moja moja."

"Naandika. Nasoma habari. Natazama mahubiri. Natafuta dawa ya kuku wa shangazi yako."

"Sasa hapo unabeba kabeji moja na lori."

Siku ya pili akaniletea laptopu ndogo, nyepesi, ambayo ningeweza kuishika kwa mkono mmoja na mwingine nikageuza chapati. Niliitazama kwa dharau. Haikuwa na feni. Haikuwa na zile programu zilizokuwa zikinitisha kila asubuhi kwamba nimeingiliwa na virusi. Niliifungua nikiwa bado sijaketi, nayo ikawa tayari inaningoja, jambo lililonikera kidogo maana sikuwa nimejiandaa.

"Hii ni ya watoto wa nasari," nikasema. "Na kusevu ni wapi?"

"Inasevu yenyewe."

"Maandishi yanakaa wapi?"

"Kwa mtandao."

"Na mtandao ukipotea?"

"Inangoja urudi, Mathe. Wewe andika tu."

Sikumwamini. Siku za kwanza nilikuwa nikibonyeza vile vitufe vyangu viwili vya kuhifadhi baada ya kila sentensi, kama mtu anayerudi kuangalia kama kweli amefunga mlango. Lakini stima zilipopotea mtaa mzima nikiwa katikati ya kusoma, kale kamashine hakakushtuka. Kaliendelea tu kwa betri yake, nami nikaendelea kumenya viazi huku nikisoma. Siku hiyo moyo ulianza kulainika. Mimi ni mgumu lakini si mjinga.

Jumatano nikarudi kwa wasifu wa jirani. Hapa lazima nikiri jinsi ninavyofanya kazi, maana sijawahi kumwambia mtu. Sianzi kamwe kwenye ukurasa mtupu. Huchukua wasifu wa marehemu wa zamani, nikafuta jina, nikaweka jina jipya, nikabadilisha miaka na vijiji, kisha mwisho kabisa nikarudi kusafisha yaliyobaki. Kwenye flashi yangu ulikuwa umesalia mmoja tu, wa mzee wa reli. Binti yangu akauhamishia kwenye laptopu mpya, na kabla hajaondoka akasema amemtumia jirani linki ya kuufungua kwenye simu yake, ili naye aandike humo na kusaidia na miaka. Nikajibu "sawa", kama ninavyojibu mambo yake yote ya mtandao.

Nikaandika asubuhi nzima kwa raha. Vidole vilikuwa vyepesi kwenye kibodi ile ndogo. Nilikuwa nimefika shule aliyosoma nilipoona kistari cha rangi ya waridi kimetokea juu ya ukurasa, na jina la jirani yangu limekaa juu yake. Kikasogea taratibu mstari wa kwanza. Kikasimama. Kikakaa hapo muda mrefu, kisha kikatoweka.

Nikampigia binti yangu. "Kuna kitu kinatembea kwa kazi yangu."

"Si ni jirani? Anasoma vile unaandika."

Nikarudi kusoma mstari wa kwanza kwa macho yake. Ulisema hivi: *Marehemu alizaliwa akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba.* Na chini, ambako sikuwa nimefika, bado ilisema aliugua kwa muda mfupi, na kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu alimpenda zaidi.

Mazoea yana taabu. Kwetu huwezi kumwita mtu marehemu akiwa hai ukasema ulikuwa unatania, na mtu mwenyewe anahama siku chache zijazo na goti bovu na shinikizo la damu. Nilifuta neno lile mara moja, lakini alikuwa ameliona. Kwenye mashine ya zamani uchafu wangu ulikuwa wangu peke yangu hadi niusafishe. Nikaichukia ile mpya tena.

Alhamisi mlango wake haukufunguka. Hakuja kuomba chumvi, hakugonga ukuta kuniambia maji yamerudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nausikia tangu asubuhi. Alasiri nikashindwa. Nikabeba sahani ya chapati mkono mmoja na laptopu kwapani, nikagonga.

"Ingia," akasema kutoka ndani. "Marehemu anapanga vyombo."

Alikuwa ameketi katikati ya makatoni, miwani puani, simu mkononi. Alicheka mpaka akashika kifua, nami nikakaa kwenye kreti nikacheka na kulia kwa pamoja, kwa aibu na kwa kushukuru. Kumbe siku nzima alikuwa akisoma na kutafuta makosa.

"Hapa unasema niliugua kwa muda mfupi. Ni goti, na ni miaka sita. Toa." Nikatoa. "Hapa unasema niliimba kwaya. Walinitoa, na unajua. Andika walinitoa." Nikaandika, naye akaona maneno yakitokea kwenye simu yake, akafurahi kama mtoto. Tulikaa hivyo, chapati zikipungua. Kisha akasogeza simu karibu na macho.

"Na hapa umeandika niliishi vyema na majirani wote."

"Hiyo huwa naandikia kila mtu."

"Najua. Na ule mwaka wa kamba?"

Nilijua tu siku moja atauliza. Msimu mmoja wa mvua, watoto wetu wakiwa wadogo, nilipanda kule juu kwenye paa nikakuta sare za watoto wake zimejaa kwenye kamba niliyoihesabu kuwa yangu. Nikazishusha zikiwa mbichi, nikazitupa kwenye beseni, nikaanika zangu. Kesho yake watoto wake walikaa nyumbani, na mmoja alikuwa na mtihani. Alinijia mlangoni akanieleza kwa upole, nami nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwaka mzima tulipishana kwenye ngazi bila salamu. Kisha kukawa na matanga ya jirani wa chini, tukajikuta tukipika kwenye sufuria moja, akaniomba mwiko, nikampa, na maisha yakaendelea. Kuomba msamaha sikuomba. Nilijiambia mwiko ulitosha.

"Hiyo si ya kusomea watu," nikasema.

"Nilikuambia nataka wangu. Wa kila mtu sitaki." Hakuwa na hasira. "Ukishindwa, basi usisome kitu. Tutakula tu."

Nikaenda nyumbani nikiwa nimemkasirikia. Ijumaa asubuhi nikafungua laptopu, na kwa mara ya kwanza maishani nikafuta wasifu wote wa mzee wa reli, kila neno lake, nikabaki na yale ya jirani yangu tu. Nilipofika mahali pa majirani nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: *Jirani yake wa mlango wa pili alimkosea kwa ajili ya kamba ya nguo, na hakuomba msamaha. Kosa lilikuwa la jirani. Anaomba sasa.* Nikatazama kama kistari cha waridi kitakuja. Hakikuja. Nikafunga nikaenda kuosha mchele wa pilau.

Jumamosi sebule yake ilikuwa tupu, viti vimeazimwa, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Nilisoma kutoka kwenye laptopu nimeipakata. Walicheka kwenye habari ya kwaya, wakapiga makofi kwenye miaka yake ya simu. Nilipofika kwenye kamba, nikakwama. Niliona maneno yangu vizuri kabisa na sikuweza kuyatamka mbele ya wale watu wote.

Yeye akatoa simu yake, akavaa miwani, akatafuta nilipokwamia. Akasoma mwenyewe, polepole, kwa ile sauti yake ya ofisini. Akasoma kosa, akasoma kwamba lilikuwa la jirani, akasoma kwamba anaomba sasa. Kisha akaendelea kusoma.

"Nilikuwa namngoja," akasoma.

Nikaangalia skrini. Maneno yalikuwepo, chini ya yangu, na si mimi niliyeyaandika.